Steringi wa kweli ni yupi?

Nyumbani kwetu ukitaka kuanzisha ubishi usiokwisha, huna haja ya kutaja Simba na Yanga. Uliza swali moja tu: picha bora ya kauboi ni ipi?

Baba yangu, ambaye ana miaka 83, ataweka chini kikombe cha chai. Mke wangu atatokea mlango wa jikoni na mwiko mkononi. Kijana wangu wa mwisho atachomoa spika za masikioni. Mimi nitasogeza kiti. Hapo ugali unaweza kupoa na asiwepo wa kuujali.

Kuna mtu wa tano katika ubishi huo, binti yangu mkubwa. Habari yake ndiyo hasa iliyonifanya niandike haya, lakini nianze na picha zenyewe.

Steringi hafi

Nimezaliwa Dar es Salaam katikati ya miaka ya 1960. Nilipokuwa shule ya msingi, baba, aliyekuwa karani, alikuwa na zawadi moja tu kwa mtoto aliyeshika nafasi nzuri darasani: Jumapili mchana anakupeleka sinema. Tunapanda basi la UDA hadi mjini, tunashuka, tunatembea kwa miguu hadi Avalon, Empire, Empress au Odeon, kutegemea picha gani iko wapi. Nje tunanunua karanga zilizofungwa kwenye karatasi, halafu tunaingia gizani.

Zilikuwapo picha za Kihindi, zilikuwapo za Bruce Lee, lakini wavulana wa mtaa wetu tulikuwa watu wa kauboi. Sheria ya kwanza, ambayo kila mtoto aliijua, ni kwamba steringi hafi. Steringi ndiye mtu mkuu wa picha, yule wa kwenye bango. Atapigwa, ataburutwa na farasi, ataachwa jangwani bila maji, lakini hafi. Kwa hiyo taa zikizimwa tu, tunanong'onezana: "Steringi ni nani?" Ukishamjua, unakula karanga zako kwa amani.

Jumatatu asubuhi aliyekwenda sinema alikuwa mfalme wa shule. Anasimulia picha nzima mwanzo hadi mwisho, milio ya bastola na kwato za farasi anaipiga mwenyewe kwa mdomo, na waliokosa hela ya tiketi wamemzunguka. Nina marafiki ambao hadi leo wanaweza kukusimulia vizuri sana picha ambazo hawajawahi kuziona.

Desemba iliyopita kijana wangu alikuwa amemaliza mtihani wa kidato cha nne. Akawa nyumbani, hana la kufanya zaidi ya simu. Baba naye anaishi nasi tangu mama alipofariki, hana la kufanya zaidi ya redio. Babu na mjukuu wanakaa sebule moja siku nzima, wakishasalimiana asubuhi basi, imetoka hiyo.

Nikapendekeza kila Jumamosi usiku tuangalie picha moja ya kauboi za zamani. Kila mtu achague yake kwa zamu, na ikiisha aeleze kwa nini anaiona bora.

"Zile nyeusi na nyeupe?" kijana akacheka.

"Wewe kaa," babu yake akamjibu. "Utaona."

Mwenyewe hayupo

Baba alichagua High Noon, ya mwaka 1952. Steringi ni Gary Cooper, akiwa askari mkuu wa mji mdogo. Ndiyo kwanza amefunga ndoa, amekabidhi kazi, anaondoka na mkewe kwenda kuanza maisha. Ghafla habari zinafika kwamba jambazi aliyemfunga zamani ameachiwa, na anakuja kwa treni ya saa sita mchana kulipiza kisasi. Wenzake watatu wameshafika stesheni wanamsubiri. Cooper anaondoka mjini, kisha akiwa njiani anageuza gari la farasi na kurudi.

Sehemu kubwa ya picha inayobaki ni mtu anayepiga hodi. Picha ina kama dakika 85, na saa za ukutani ndani yake zinakwenda karibu sawasawa na saa ya ukutani kwako. Cooper anapita kutafuta watu wa kusimama naye. Rafiki mmoja anajificha ndani na kumtuma mkewe mlangoni aseme mwenyewe hayupo. Kanisani watu wanajadiliana, wanamsifu sana, kisha wanamshauri aondoke. Jaji anakunja bendera yake, anapanda farasi. Saa sita inapogonga, steringi yuko peke yake barabarani, jasho linamtoka, na sura yake inaonyesha wazi kwamba anaogopa.

Kijana alikuwa ameshaingia kwenye simu. Akatuambia kwamba mwongozaji wa picha Howard Hawks hakuipenda kabisa High Noon. Aliona askari wa kweli hazunguki mji kuomba msaada, akatengeneza Rio Bravo ya mwaka 1959, akiwa na John Wayne, kama jibu lake.

"Hata mimi naona hivyo, babu," akasema. "Steringi gani anabembeleza watu?"

Baba alikaa kimya kidogo. Kisha akatusimulia jambo ambalo mimi mwanawe sikuwahi kulisikia. Miaka ya 1980 alikuwa balozi wa nyumba kumi. Vibaka walikuwa wanavunja nyumba mtaani, na zikaja habari kwamba usiku fulani wangerudi. Akapita nyumba kwa nyumba kutafuta wanaume wa kulinda zamu.

"Nyumba ya tatu," alisema, "mama akatoka akaniambia mwenyewe hayupo. Na mimi naviona viatu vyake mlangoni."

"Ukalinda na nani, babu?"

"Na bibi yako. Alishika mchi."

Tukacheka wote, naye akacheka. Lakini ukiijua High Noon utaona kwamba baba hakuwa anatania tu. Mke wa Cooper, Grace Kelly, ni mtu ambaye imani yake haimruhusu kushika silaha. Amekata tiketi, ameshapanda treni. Anaposikia mlio wa kwanza wa risasi anashuka mbio, na mwisho ni yeye anayemwokoa mumewe. Kisha Cooper anavua beji yake, anaitupa vumbini mbele ya watu wote waliojificha, na wanaondoka bila kuaga.

Baba alisema anaipenda kwa sababu moja: steringi anaogopa na bado anabaki. "Asiyeogopa ana nini cha kusifiwa?"

Baadaye nilisoma kwamba Carl Foreman, aliyeandika picha hiyo, aliitwa wakati huohuo mbele ya kamati ya Bunge la Marekani iliyokuwa ikiwasaka wakomunisti. Aliwaona watu aliowaamini wakimkwepa, na mwishowe akahamia Uingereza. Kumbe naye alishapiga hodi akaambiwa mwenyewe hayupo.

Ndugu wawili

Zamu yangu ilikuwa ya pili, na sikuhitaji kufikiri. The Good, the Bad and the Ugly, ya mwaka 1966: Clint Eastwood, Lee Van Cleef na Eli Wallach. Mwongozaji ni Mwitaliano, Sergio Leone, na jangwa lile tuliloamini ni la Marekani liko Hispania. Muziki ni wa Ennio Morricone. Mtoto yeyote wa mtaani kwetu aliweza kuupiga mluzi, hata asiyejua picha yenyewe.

Watu watatu wanatafuta dola 200,000 za dhahabu zilizofukiwa makaburini. Mwisho wanasimama kwenye duara, kila mmoja akimtazama mwenzake. Macho. Mkono. Bastola. Macho tena. Dakika zinapita.

"Baba, mbona hawapigi?" kijana akauliza.

Nikamwambia hapo ndipo picha ilipo. Risasi yenyewe ni ya sekunde moja. Leone alijua kwamba mtazamaji anabanwa na kile kinachokaribia kutokea, si kile kilichokwisha kutokea. Michezo ya kwenye simu yake inampa risasi mia kwa dakika, na haikumbuki hata moja. Hii moja ataikumbuka.

Hayo ndiyo niliyopanga kusema, na niliyasema. Lakini safari hii kuna kipande kingine kilichonishika. Wallach, yule mhuni Tuco, anapita kwenye nyumba ya watawa ambako kaka yake ni padri. Ana furaha ya kumwona. Kaka anampokea kwa baridi, anamjulisha kwamba mama yao alishakufa miaka mingi, na baba yao amezikwa siku chache tu zilizopita. Wanagombana. Tuco anamkumbusha kwamba walikotoka, mtu alikuwa na njia mbili tu za kukwepa njaa, upadri au ujambazi. Kaka alichagua yake akaondoka, mdogo akabaki na wazee. Wanapigana makofi. Tuco anatoka, na kaka yake anaomba msamaha kwa sauti ya chini, wakati mwenzake ameshakwenda.

Kwenye gari la farasi, Tuco anamsifia Eastwood kwamba kaka yake anampenda sana, hakosi sahani ya supu pale. Eastwood alishasikia kila kitu. Hasemi neno. Anachukua sigara iliyo mdomoni mwake na kumpa.

Nilipokuwa na miaka 11 nilikuwa napitisha kipande hicho kwa kumenya karanga. Sasa nina miaka karibu 60, na nilishindwa kuinua macho.

"Watu wa damu moja," mke wangu alisema, "kila mmoja anaomba msamaha mwenzake akishageuka."

Akanitazama. Nilijua anamaanisha nani. Nikajifanya natafuta rimoti.

Baba za watoto si waoga

Yeye alichagua The Magnificent Seven, ya mwaka 1960. John Sturges aliichukua hadithi kutoka kwa Akira Kurosawa wa Japani, aliyetengeneza Seven Samurai mwaka 1954, akaihamishia Mexico. Wakulima wanaoporwa mazao na majambazi wanakodi mafundi saba wa bastola kwa malipo kiduchu. Wamo Yul Brynner mwenye upara, Steve McQueen na Charles Bronson.

Wengi wanaikumbuka kwa muziki wake. Mke wangu anaikumbuka kwa Bronson na watoto. Wavulana watatu wa kijijini wamempenda, wanamfuata kila aendako. Siku moja wanamwambia wanataka waondoke naye, kwa sababu baba zao ni waoga. Bronson anamkamata mmoja na kumchapa matakoni palepale. Kisha anawaeleza kwamba yeye kubeba bunduki si ushujaa. Baba zao wanabeba mzigo wa familia kila siku, mzito kama jiwe kubwa, unawakunja migongo hadi unawazika. Wanaubeba kwa kupenda, bila kulazimishwa na mtu, na hakuna hakika kwamba utazaa kitu. Ushujaa wa namna hiyo yeye hajawahi kuwa nao.

Katika pambano la mwisho Bronson anakufa akiwakinga watoto haohao. Kati ya saba wanabaki watatu. Kwa sheria zetu za Avalon, hiyo ilikuwa ajabu: mastaa wanne wanakufa, na wanaoshinda ni wakulima wanaorudi shambani.

Kijana wangu hakubisha chochote usiku huo. Asubuhi alinisaidia kubeba mapipa ya maji bila kuitwa.

Jumamosi iliyofuata tuliangalia Shane, ya mwaka 1953, ambayo hakuna aliyeipigia kura ya kwanza lakini wote tuliiweka ya pili. Wengi huzungumzia mwisho wake, mtoto akimwita mgeni anayeondoka. Mimi nawaambia wazazi watazame kifo cha yule mkulima mdogo kwenye matope. Mwongozaji, George Stevens, alikuwa na jeshi la Marekani katika Vita Kuu ya Pili. Aliongoza kikosi cha wapiga picha, akaingia nao kwenye kambi ya mateso ya Dachau. Aliporudi, risasi kwake haikuwa mchezo tena. Katika Shane bastola inalia kama radi, na mtu anarushwa nyuma kama amepigwa na gari. Inauma kutazama, na inapaswa kuuma.

Kiti cha binti yangu

Sasa nifike kwa mtu wa tano.

Binti yangu mkubwa ndiye aliyekuwa mwenzangu wa picha. Kaseti za video nilizokuwa naazima mtaani, yeye ndiye aliyekaa nami hadi mwisho, kichwa begani pangu. Akasoma, akawa muuguzi, akapangiwa kazi Mwanza. Mwaka juzi akaja na kijana wa dini tofauti na yetu, akasema wanataka kuoana.

Sitapamba. Nilimwambia akitoka na huyo asirudi. Nilisema mbele ya mama yake na babu yake. Akachukua begi lake. Wakafunga ndoa bomani bila mimi. Alipiga simu mara nyingi, nikawa naiangalia inaita hadi inakatika. Baadaye akaacha kupiga. Nyumbani nikakataza jina lake lisitajwe, na kila mtu akanitii, jambo ambalo nililiona ni heshima. Mama yake alikuwa akiongea naye akiwa sokoni. Mtoto wao alipozaliwa nilijua kwa kuona mke wangu ananunua nguo ndogo, na sikuuliza.

Hivyo ndivyo tulivyokuwa Jumamosi ya mwisho, zamu ya kijana.

Yeye alikuwa ametafuta kwenye simu. Akatuambia Taasisi ya Filamu ya Marekani, mwaka 2008, iliitaja The Searchers kuwa picha bora ya kauboi kuliko zote. Ni ya mwaka 1956, mwongozaji John Ford, steringi John Wayne. Ajabu ni kwamba ilipotoka haikutajwa hata kuwania tuzo moja ya Oscar.

Mimi nilikuwa nimeiona zamani, nikakumbuka milima yake myekundu na farasi. Nilikuwa nimesahau hadithi.

Mikono ileile

Wayne anaitwa Ethan. Anarudi kwa kaka yake Texas baada ya vita. Mlango unafunguliwa kutoka gizani na kule nje tunamwona anakuja. Anambeba mtoto mdogo wa kaka yake, Debbie, anamwinua juu kwa mikono miwili. Siku chache baadaye Wakomanchi wanavamia, wanaua familia na kumchukua Debbie. Ethan anaanza kumtafuta, pamoja na Martin, kijana aliyelelewa katika nyumba ile. Wanatafuta kwa miaka. Theluji inakuja, jua linakuja.

Niseme jambo hapa. Sisi tukiwa watoto tulishangilia kila Mhindi Mwekundu aliyeanguka kutoka kwenye farasi. Hakuna aliyejiuliza ardhi ile ilikuwa ya nani, na sisi tulikuwa watoto wa nchi iliyotoka kutawaliwa juzi tu. The Searchers nayo ina mambo ya kuchukiza kuhusu watu hao, na nilimwambia kijana hivyo. Lakini ni picha ya kwanza ya kauboi niliyoiona ambapo chuki ya steringi ndiyo ugonjwa wenyewe.

Kwa sababu miaka inavyokwenda, Debbie anakua. Amekuwa mwanamke, ameolewa kwa watu wale. Na polepole unagundua Ethan hamtafuti tena ili amrudishe.

"Ngoja," kijana akasema. "Kwa hiyo anamtafuta ili amuue?"

Hakuna aliyejibu.

"Kwa sababu ameolewa na watu wengine tu?"

Sikumtazama mke wangu. Nilisikia baba akivuta pumzi. Kwenye runinga, Ethan alikuwa amempata Debbie na ametoa bastola, na Martin amesimama katikati kumkinga.

Mwisho Ethan anamkimbiza kwa farasi. Debbie anakimbia kwa miguu mlimani, anaanguka, anageuka anamwona mjomba huyu mkubwa amesimama juu yake. Hakuna bastola. Ethan anamshika kwa mikono miwili na kumwinua juu, vilevile alivyomwinua alipokuwa mtoto. Halafu anamshusha kifuani na kumwambia waende nyumbani.

Wanafika. Watu wanaingia ndani mmoja mmoja na Debbie. Ethan anabaki kizingitini, ameshika kiwiko chake kwa mkono mwingine. Nimesoma kwamba Wayne alishika vile kumkumbuka Harry Carey, steringi wa zamani ambaye ndivyo alivyozoea kusimama. Mjane wake ndiye aliyecheza mama wa nyumba ile. Kisha Ethan anageuka, anaondoka peke yake, na mlango unafungwa. Giza.

Kijana aliwasha taa. Ilikuwa zamu yake kueleza kwa nini ni bora, lakini babu yake alimtangulia.

"Nabadilisha kura yangu," alisema. "Huyu ndiye. Yule wa High Noon aliwashinda watu wanne. Huyu amejishinda mwenyewe, tena kwa kuchelewa." Akainuka, akachukua fimbo yake, akapita mbele yangu. "Lakini umeona nani amebaki nje?"

Akaenda kulala.

Wakati wote ule nilidhani nimemfungia binti yangu nje. Mezani palikuwa na mke wangu, baba yangu na mtoto wangu, watu watatu waliokuwa wakiongea na binti yangu kila wiki bila mimi kujua. Wote walikuwa ndani.

Simu

Sikupiga usiku ule. Mtu wa umri wangu habadiliki kwa picha ya saa mbili, na nisingependa msomaji adhani hivyo. Nilipiga siku ya nne, nikiwa nimekaa ndani ya gari kazini, baada ya kuiandika namba na kuifuta mara kadhaa.

"Shikamoo baba," alisema. Kana kwamba tuliongea jana.

Nilikuwa nimeandaa maneno. Yalitoka mawili tu: "Marahaba, mama." Nikanyamaza, naye akanyamaza. Nyuma yake nilisikia mtoto analia.

"Mnaendeleaje?" nikauliza.

Hatukuyamaliza siku hiyo. Aliniambia mambo ambayo sitayaandika hapa, na alikuwa na haki ya kuyasema. Nilipomwambia waje, alisema atafikiri na mwenzake. Ilichukua miezi miwili. Bado kuna mambo ya imani ambayo mimi na mkwe wangu hatukubaliani, na pengine hatutakubaliana. Tunayaongea, au tunayaacha tunaongea mpira.

Walifika siku ya Ijumaa jioni. Nilitoka getini kabla hawajapiga hodi. Nilimpokea mtoto mikononi, nikamwinua, naye akanitazama kwa mashaka makubwa.

Kura ya tano

Mzazi mwenzangu, watu huniuliza picha hizi za zamani zina nini, wakati za sasa zina rangi kali na magari yanayoruka. Jibu langu ni kwamba kila moja ya zile bora inamweka mtu mahali ambapo hawezi kukwepa swali. Utabaki au utaondoka? Utamsamehe ndugu yako akiwa bado anakusikia? Utabeba jiwe lako? Utaiweka chini chuki yako kabla mlango haujafungwa? Bastola ipo ili tusisinzie.

Ukitaka kujaribu nyumbani, anza na High Noon au The Magnificent Seven. Ya Leone na The Searchers zisubiri watoto wakue kidogo, na usiwaache wakaziangalie peke yao chumbani. Kaa nao. Mambo muhimu yalisemwa baada ya picha kuisha, na mara mbili yalisemwa na mtu ambaye hakuwa na zamu.

Jumamosi ile binti yangu akiwa nyumbani, kijana alimwambia kura yake bado. Tukamweleza tulipofikia: babu na kijana, The Searchers, mama, The Magnificent Seven, mimi nikasema bado naitafakari.

"Wote mmekosea," alisema. "Mmesahau Trinity."

They Call Me Trinity, ya mwaka 1970. Terence Hill na Bud Spencer, ndugu wawili wavivu na wabishi, wanaomaliza kila jambo kwa makofi. Ni ile ambayo steringi anaanza kwa kufuta kikaango kizima cha maharage na mkate hadi watu wanashika mdomo. Haina saa ya ukutani, haina kaburi, haina swali zito lolote. Tuliicheka pamoja alipokuwa na miaka 7, na nilikuwa nimeisahau kabisa.

Tukaiweka. Mkwe wangu, ambaye hakuwahi kuiona, alicheka hadi akatoka machozi. Baba alilala katikati. Mtoto alilala kifuani kwangu. Ilipofika ile ya maharage, binti yangu aliegemeza kichwa chake begani pangu, na mimi sikusogea hadi picha ilipoisha.